Pampu ya Baiskeli na Mguu wa Mama

Juzi jirani yangu hapa mtaani Likombe alikuja barazani kwangu na swali. Mumewe ana sukari, na kidonda cha unyayo kimegoma kufunga. Wameambiwa kuna mashine ya kupuliza oksijeni kwenye kidonda: mguu unafungiwa ndani ya mfuko, hewa inaingia, basi, nyama inaota. "Bibi, wewe ulikuwa muuguzi," akaniambia. "Hebu nipe ukweli. Inasaidia kweli, au ni maneno tu?"

Mimi nina mdomo mwepesi, mtaa mzima unajua. Nikiulizwa kitu najibu kabla mtu hajafika mwisho wa swali. Siku hiyo nilikaa kimya mpaka yule dada akadhani nimeudhika, akaanza kuniomba radhi. Hakuniudhi. Nilikuwa namwona mama yangu, mguu wake umewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na mimi nimesimama mbele yake na begi la safari mkononi, nimefura. Ukweli! Nilishawahi kumpa mtu ukweli kuhusu hewa hiyo hiyo, na mpaka leo umenikaa kooni.

Mama yangu alikuwa mtu asiyejua kukaa. Ukimwambia, "Mama, pumzika kidogo," anakutazama kama umemtukana. Hata akizungumza na wageni mikono inatafuta kazi: anamenya muhogo, anabangua korosho, anasuka ukili. Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, njia ya kwenda Msimbati, ndiyo kabisa akapata pa kumalizia nguvu zake. Kulikuwa na pori la kufyeka, nyumba za kujenga na shamba la kijiji la kulimwa na wote. Na kwenye kufyeka huko, kisiki kikamchuna muundi wa mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Akafunga kipande cha kanga kuukuu, akaendelea kufyeka.

Kidonda hakikufunga. Kikawa kinachimba badala ya kujaa, kikatoa maji, kisha usaha. Watu wakaanza kusema hilo sasa ni donda ndugu, yaani halisikii dawa tena. Kilichotakiwa kilikuwa kitu kimoja, atulie, mguu uinuliwe, na hicho kimoja ndicho asichokiweza.

Na hapo palikuwa na mjomba, kaka yake mama. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli, na huyu wetu juu ya hayo alikuwa balozi wa nyumba kumi. Asubuhi rimu ya lori, ndiyo kengele ya kijiji, ikigongwa, anapita nyumba hadi nyumba kuhakikisha watu wametoka kwenda shamba la kijiji. Hakuwa mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alimpenda dada yake. Lakini angewatoaje dada za wenzake ndani, wa kwake ameketi barazani? Hakuwahi kumwambia mama neno, wala hakuhitaji. Siku zile mtu asiyefanya kazi aliitwa kupe, na mama yangu aliliogopa neno hilo kuliko kidonda. Rimu ikilia tu, kashika jembe.

Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi hapa mjini, nimepanga chumba Magomeni ya kwetu, si ile ya Dar es Salaam. Nilipokwenda kumsalimia nikafungua kile kitambaa, harufu ikanirudisha nyuma. Nikamwambia bila kuzunguka, "Mama, mguu huu utakatwa."

"Acha uchuro, mwanangu. Tumalize kupalilia kwanza."

Nikalia, nikafoka, nikamwita mjomba nikamfokea na yeye, kitu ambacho hakifanywi. Mwisho nikampakia mama kwenye lori la korosho, nikaenda naye hospitali.

Tulikuwa na daktari mgeni pale, mtu mpole, mpenda kujaribu mambo. Alikuwa amesikia huko kwao kwamba kidonda kilichogoma ni kidonda kilichokosa hewa, na ukikipelekea oksijeni kwa nje kinaamka. Mitungi yetu ilikuwa michache, ikiletwa kwa meli kutoka Dar es Salaam. Alichukua mfuko mkubwa wa nailoni, akauvisha mguu wa mama mpaka chini ya goti, akafunga kwa bandeji bila kukaza, akachomeka mpira wa mtungi. Hewa ikalia ssss, mfuko ukavimba.

Mama akanishika mkono. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Lala, mguu juu."

"Nilale tu?"

"Dawa inafanya kazi, mama. Ukitikisika hewa inatoka, utaiharibu."

Akatulia. Wallahi sikuwahi kumwona mama yangu ametulia namna ile. Alilala kama mtu aliyepewa kazi ya kulala, na kazi alikuwa anaijua. Mgonjwa mwenzake akimwomba amsogezee kikombe, anamjibu, "Subiri, mwenzio niko kwenye dawa."

Kidonda kikaanza kubadilika. Usaha ukakauka, nyama nyekundu ikaota chini, kingo zikaanza kusogeleana. Nilitamba wodi nzima, ungedhani hewa ile naipuliza mimi. Kila aliyepita nilimfunulia shuka atazame.

Sasa kitanda cha jirani alilala mama mmoja aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji, naye ana donda kama lile lile. Yeye hakupata hewa, maana mpira ulikuwa mmoja. Mengine yote aliyapata: kusafishwa kwa maji ya chumvi, bandeji safi, chakula cha kushiba, na kulala mguu umeinuliwa. Naye akapona. Tena akamtangulia mama! Daktari akasimama katikati ya vitanda viwili, akajikuna kichwa.

"Daktari," nikamuuliza, "kwa hiyo hewa inasaidia au haisaidii?"

Akacheka. "Sista, sijui. Huenda inasaidia kidogo. Huenda kilichowaponya ni kitanda."

Jibu lile nililipenda mno. Nilijiona nimeingizwa kwenye siri za wenye elimu, na siri ukishapewa inakuwasha mdomo. Haukupita muda mitungi ikapungua, iliyobaki ikawekwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji na watoto walioshindwa kupumua. Mama akaruhusiwa kurudi nyumbani, kidonda kimebaki upana wa kiganja cha mtoto. Nikamfungia gozi, vile vitambaa vya kufunikia kidonda, na bandeji kwenye mfuko wa nailoni, nikamfundisha kusafisha, nikamsisitiza: mguu juu kila siku. Aliitikia ndiyo, ndiyo, na mimi nikajua ananidanganya. Rimu italia, atashika jembe.

Kwa hiyo nilipopata likizo nilikwenda kijijini nimeshakunja uso njia nzima, nimejiandaa kugomba.

Nikakuta hivi. Mama ameketi mkekani, ameegemea ukuta, mguu uko juu ya kinu kilichopinduliwa. Ule mfuko wa nailoni niliomfungia gozi kauvaa mguuni, umefungwa chini ya goti kwa kipande cha kanga. Na chini yake ameinama jirani yetu, jasho linamtoka, anajaza upepo kwa pampu ya baiskeli.

Jirani yule alikuwa Mmakua, mtani wetu, mwanamke ambaye mdomo wake hata mjomba aliukwepa. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe na wewe ukacheka, na yeye ruhusa hiyo hakuiacha ilale.

"Jishikilie, kikongwe," alikuwa anamwambia mama. "Nikikuzidishia upepo utapaa ukadondokee Msumbiji, na huko hawapokei Wamakonde wabovu."

"Wewe jaza, maneno baadaye. Mikono yenyewe milegevu, ndiyo maana mumeo alikukimbia."

"Alikimbia sura yako hapo mlangoni, si mikono yangu!"

Wakacheka mpaka mfuko ukatikisika. Nikasema shikamoo. Mama akainua uso, akang'aa. "Marahaba, mwanangu! Karibu. Nisingeweza kuinuka kukupokea, niko kwenye dawa."

Pampu ilikuwa ya mjomba. Yeye mwenyewe aliitoa kwenye baiskeli yake, na alikuwa amewaambia watu wa nyumba zake zote kumi: dada yangu yuko kwenye dawa ya hospitali, asisumbuliwe. Asubuhi rimu ikilia, anapita mlango wa mama bila kugeuza shingo. Walioko shambani, wakirudi, wanasimama kumuuliza hali kwa heshima, kama mtu aliyetumwa na kijiji kazi ngumu mahali pengine. "Mwanawe ndiye kamwelekeza," walisema. "Kasomea."

Hasira zikanipanda, na nataka kusema zilikuwa za nini, maana hazikuwa za kidonda. Ilikuwa aibu. Mimi, niliyetoka kijiji kile nikavaa gauni jeupe la uuguzi, leo natajwa pamoja na pampu ya baiskeli! Nilimfikiria yule daktari akisikia. Nilifikiria wauguzi wenzangu wakilisimulia jambo hili wakati wa chai. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikafungua mfuko. Hapa ndipo kila nikikumbuka nataka kujipiga makofi. Kidonda kilikuwa safi, chekundu, kimebaki ukubwa wa korosho moja. Nilikiona kwa macho yangu haya. Nilikuwa muuguzi, nilijua ninachokitazama. Na bado nikafungua mdomo.

Watu walikuwa wanarudi kutoka shambani, wakasimama kunisalimu, mjomba akiwamo. "Hii ni hewa tu!" nikasema, tena kwa sauti. "Ndiyo hii hii mnayovuta puani! Ya hospitali ni oksijeni tupu inatoka kwenye mtungi, na hata hiyo daktari mwenyewe hajui kama inasaidia. Nani kawaambia pampu ya baiskeli inaponya donda? Mtachekwa mpaka Mikindani!"

Watu wakaanza kucheka pale pale. Mjomba hakucheka. Aliinama, akachukua pampu yake, akaibana kwapani.

Mtani ndiye pekee aliyenijibu. "Lakini kinapona, mtaalamu."

"Kinapona kwa sababu amekaa! Kukaa ndiyo dawa. Mguu umeinuliwa, damu inatembea vizuri, kidonda hakichunwi na majani. Upepo wenu hauna kazi yoyote."

Yalikuwa kweli yote. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba siwezi hata kusema nilikosea. Mama alikuwa ananisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nimekaa tu?"

"Ndiyo, mama. Na uendelee kukaa."

"Wenzangu wanalima, mimi nimekaa tu." Akautelemsha mguu kutoka kwenye kinu, akaukanyagisha chini.

Jioni ile nilimbembeleza hadi sauti ikanikauka. Nikamvuta mjomba pembeni, nikamwomba amkataze kwenda shambani. Mjomba akanijibu kwa swali. "Nimkatazeje? Umesema mwenyewe si dawa, na watu wamekusikia. Kesho nikiwaambia dada yangu anakaa kwa sababu kukaa ndiyo dawa, nani hataitaka dawa hiyo? Hapa nani hajachoka?"

Nilimwambia kwamba hospitali hatukufundishwa hivyo, jibu la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kutoa.

Asubuhi rimu ilipogongwa mama alikuwa ameshatoka nje, jembe begani, bandeji yangu safi imefungwa vizuri mguuni. Nikamshika mkono. "Mama, nakuomba." Akaniondoa polepole, bila hasira. "Nimekula mihogo ya wenzangu nikiwa nimeketi. Niache na mimi nitoke jasho." Walimpokea kwa vifijo njiani. Mtani hakupiga kifijo. Alipita karibu yangu, akaniambia kwa upole usio wa kawaida yake, "Ungetuachia ujinga wetu, mwanangu." Nilimwona hajui anachosema.

Likizo ikaisha, nikarudi mjini nikijipa moyo kwamba nimetimiza wajibu. Mvua zikaja, njia ikakatika, habari zikawa za kupitiana midomoni: mama hajambo, mama yuko shambani, mama anachechemea kidogo. Walipomleta alikuwa amebebwa juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, mjomba akiwa upande wa kichwani. Homa inamchemsha, vidole vya mguu vimekuwa vyeusi, na kwenye muundi mfupa unaonekana. Daktari yule yule akatazama, kisha akanitazama mimi. Alimkata mguu chini ya goti.

Tangu hapo nimetega sikio kwa kila linalosemwa kuhusu hewa na vidonda, na nimelisikia lote. Wapo wanaosema inasaidia, wapo wanaosema haijathibitika, wapo waliopona kwayo na wapo waliokaa ndani ya mfuko bila faida. Nyama haijengeki bila oksijeni, hilo hakuna anayebisha. Ubishi ni kama ile ya kupuliza kwa nje inafika inakotakiwa, au ni damu tu inayoweza kuifikisha. Hayo nilimweleza jirani yangu. Nikamwambia mpeleke mumeo, waulize, lakini sukari ishuke, kidonda kisafishwe, na asikanyage kwa mguu huo. Akasema, "Hiyo ya kutokanyaga ndiyo ngumu, bibi. Hakai!" Nikamwambia kama mashine itamfanya akae, mfungieni mashine, na asije mtu nyumbani kwenu kujifanya mjuaji.

Akaaga akaenda. Mengine sikumsimulia.

Sikumsimulia siku ile wodini baada ya mama kukatwa. Nilikwenda nimejiandaa kwa machozi yake na lawama zake. Nilizitaka lawama, Mungu anajua, ningezipokea nimepiga magoti. Hakuwa na lawama. Alinivuta karibu, akaninong'oneza kwa wasiwasi kabisa.

"Mjomba wako anakuja kunitazama, na watu wa kijiji."

"Ndiyo, mama."

"Watanikuta nimelala tu."

"Mama! Umekatwa mguu!"

"Umekatwa umekwisha. Mikono ni mizima." Aliinua mikono yake miwili juu ya shuka, akaitazama, akaona haya. Kisha akaniuliza, "Ule mfuko upo?"

Nilikwenda stoo. Mitungi haikuwapo hata mmoja, lakini mfuko wa daktari ulikuwepo, umekunjwa kwenye rafu. Nikauvisha juu ya bandeji nene ya kile kipande kilichobaki, nikafunga bila kukaza kama nilivyoona daktari akifanya, nikaacha upenyo mdogo. Nikainama, nikaweka mdomo wangu pale kwenye upenyo, nikapuliza. Nilipuliza mpaka kizunguzungu kikanishika na mfuko ukavimba, nikaubana, nikafunga. Wagonjwa walikuwa wananitazama. Niliyeogopa kuchekwa mpaka Mikindani sikujali tena.

Mjomba akaingia, kofia mkononi, na mtani nyuma yake. Mtani akafungua mdomo kutania kama desturi yake, akauona mfuko, akaufumba. Mjomba akasimama miguuni pa kitanda. Akatazama ule mfuko ulivyo mfupi, akatazama mahali ambapo shuka lilikuwa limelala chini tambarare. Mama alikuwa ananitazama mimi, ananisubiri niseme, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea.

"Shikamoo, mjomba," nikasema. "Msimsumbue. Yuko kwenye dawa."

Mama akashusha pumzi, akailaza mikono yake, akafumba macho.